Dari Iliyoota Masikio

Kwa aliyelikosa gazeti la juma lililopita, nitamvusha haraka, maana aibu hii ni yangu na sipendi kuirudia polepole.

Mimi ni mpakiaji wa magunia kwenye mashine ya kusaga nafaka. Nina wajukuu. Jioni nakwenda darasani, nakaa dawati moja na vijana wa rika la kitinda mimba wangu, najifunza sayansi iliyonipita mbio nilipokuwa kijana. Wananiita Babu Dawati. Nimezoea.

Darasani nilijifunza kwamba bua la mahindi, hili tunalolichoma moto kila baada ya mavuno, limejaa nyuzi imara ziitwazo selulosi. Ukilichemsha kwa soda kali, ule utomvu unaozigandisha nyuzi hutoka mweusi tii, nyuzi zikabaki nyeupe. Unaziponda, unazichanganya na udongo mweupe na gundi ya wanga wa muhogo, unaukandamiza mchanganyiko kwa jeki ya lori, unauanika. Unapata ubao. Nyuzi zinauzuia usikatike, udongo unauzuia usishike moto haraka. Mwalimu anauita ubao mseto. Mke wangu anauita uji uliokauka.

Nyumba yetu ya sala haikuwa na dari. Nikajitolea kuitengeneza.

Kulikuwa na kiungo kimoja cha mwisho: unga mweupe wa kuzuia ukungu, alionipa mwalimu. Mfuko wake una picha ya fuvu na mifupa miwili. Kamati ya ujenzi ilipouona, mwenyekiti wake akarudi nyuma hatua kadhaa. Huyu ni fundi cherehani. Tunamwita Futikamba, kwa sababu futikamba haitoki shingoni mwake hata wakati wa maombi.

"Alama ya mauti," akasema, "haitaingia katika nyumba ya uzima."

Kamati ikasema amina. Mfuko ukachukuliwa. Nikaagizwa kwamba mahali pa ule unga niweke maombi.

Niliyaweka. Nilifunga, nikaomba, nikaweka mkono juu ya kila ubao kabla haujapigwa msumari. Dari ikapendeza, watu wakanishika mkono, nikajiona fundi. Hapo ndipo nilipowaacha.

Basi mvua zikaanza.

Bati la nyumba yetu ya sala linavuja kwenye misumari, si sana, kiasi cha kulowesha tu. Mimi sikujua. Nilikuwa chini nikitazama dari yangu kwa upande wake mzuri.

Jumapili, katikati ya sala ndefu, mama mmoja wa kwaya akafumbua macho kabla ya wakati.

"Mchungaji," akasema, "dari imeota."

Tukafumbua wote. Juu ya mimbari, pale ambapo ubao wangu wa katikati ulikuwa mweupe kama yai, palikuwa na vitu. Vyororo, vyeupe, kingo zake zimejikunja, vimepangana kwa tabaka, vikubwa na vidogo.

Mimi nilivijua palepale. Nimekulia mashambani. Ule ulikuwa uyoga.

Nikaanza kusimama ili niseme.

"Vina umbo la nini?" Mchungaji akauliza, shingo ameipindua.

Futikamba akavua futikamba yake shingoni, akainyoosha hewani, akafumba jicho moja kama anayepima nguo kwa mbali. "La masikio," akasema.

Mchungaji akanyamaza kidogo. Namfahamu, akinyamaza hivyo, hubiri limezaliwa.

"Ndugu zangu," akasema, "tumelia siku nyingi tukiuliza, je, Bwana anatusikia? Leo ametega masikio."

Amina iliyofuata ilitikisa madirisha. Ilinikuta nimesimama nusu. Na mtu akisimama nusu katikati ya amina ya watu wengi, anaonekana anashangilia. Mama mmoja akanipigia vigelegele. Nikakaa.

"Msomi wangu," mke wangu akasema tulipofika nyumbani, akivua viatu, "ulitaka kusema nini pale?"

"Kwamba ni uyoga."

"Najua ni uyoga. Mimi nina macho."

"Sasa mbona ulisema amina?"

"Kila mtu alisema amina. Ulitaka mimi peke yangu niseme uyoga?"

"Mama watoto, ubao ukiota uyoga, ubao umeoza."

"Kawaambie basi." Akaviweka viatu mlangoni, kimoja juu ya kingine. "Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Na hayo yako ya darini hata hiyo dawa hayakuipata."

Nilimkodolea macho. Siku zote hizi nilidhani anayesoma katika nyumba hii ni mimi.

Jumatatu nikapita nyumba ya sala kabla ya darasa, nikamega kipande cha ubao kwenye pembe, na sikio moja dogo juu yake. Nikalifunga kwenye leso, nikampelekea mwalimu. Mwalimu wangu ni binti mdogo, ananiita baba, na ananisahihishia kazi zangu kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Akalinusa. Akaligeuza.

"Lina sumu?" nikamuuliza.

"Hili? Linaliwa, tena tamu. Ila kwa sasa lenyewe ndilo linalokula."

"Linakula nini?"

"Dari yenu, baba."

Akabonyeza kipande cha ubao kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka kwenye ukucha.

"Uyoga unapenda selulosi," akasema. "Porini unaipata kwa shida, inabidi uitafune kutoka kwenye kuni. Wewe umeichemsha, umeiponda, umeitoa ule utomvu wake mgumu, umeichanganya na wanga. Umeulisha kama mtoto asiye na meno. Halafu mvua ikauletea maji ya kunywa. Ule unga niliokupa uliuweka?"

"Kamati iliukataa. Kwa sababu ya fuvu."

"Mkaweka nini badala yake?"

"Maombi."

Hakucheka. Angalicheka ningalipata nafuu. Alichukua kifutio akafuta ubao wa darasani ambao haukuwa umeandikwa kitu.

"Maombi hayana ubaya, baba," akasema. "Ila ukungu wenyewe haukuambiwa kwamba umekatazwa."

Vijana nyuma yangu wakajificha kwenye madaftari yao.

"Ubao huu ukiwa mkavu mtoto anaubeba," mwalimu akaendelea. "Ukishiba maji, mzito kama tofali bichi. Na msumari hauna cha kushika tena. Ukimdondokea mtu kichwani, utakuwa msiba. Kaushusheni wote. Na kabla hamjaushusha, asikae mtu chini yake."

Nikarudi nyumbani nikiwa na neno moja tu kichwani: mtu.

Maana Jumamosi ya juma lile palikuwa na arusi. Binti wa Futikamba, mtoto wake wa pekee, alikuwa anafunga ndoa mbele ya mimbari, chini ya ubao wa katikati, na nusu ya mtaa imekaa nyuma yake. Kama ningeweza kuwashawishi wahame, aibu ingekuwa yangu na basi. Kama nisingeweza, damu ingekuwa juu ya mabua yangu.

Kufika Jumanne habari zilikuwa zimetoka nje ya mtaa. Watu walikuja wakapanga foleni. Futikamba akaweka ngazi fupi ya miguu minne chini ya sikio kubwa kuliko yote, na sheria: kila mtu apande, anong'one haja yake moja, ashuke. Waliokuwa na haja mbili walirudi nyuma ya foleni. Na kwa kuwa masikio yalionekana kusinyaa kidogo kwa joto, kamati ikaazima bomba la mgongoni la kunyunyizia mashamba, likaoshwa, likajazwa maji, na kila asubuhi dari ikanyunyiziwa ili masikio yafike Jumamosi yakiwa na afya.

Niliwaona kwa macho yangu wakiinywesha. Bomba lile lilikuwa limebeba dawa za ukungu maisha yake yote. Walilisugua kwa sabuni mpaka ndani.

Nikamfuata Futikamba kibandani kwake. Nilimkuta na pini mdomoni, gauni jeupe la binti yake limefunika cherehani yote, hata usingejua chini kuna cherehani.

"Mwenyekiti, arusi isifanyike chini ya ile dari."

"Mm?" akasema kwa pini.

"Ubao umelowa. Mwalimu ameukagua. Misumari inashikilia uji."

Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye mkono wa koti lake. "Mwalimu yupi? Yule binti?"

"Ndiye anayenifundisha."

"Mimi nimeoa hajazaliwa." Akatulia, kana kwamba hilo limemaliza mambo yote ya sayansi.

"Mwanao atasimama palepale, ndugu yangu."

"Chini ya masikio ya Bwana. Kuna mabinti wanaililia nafasi hiyo."

"Yale ni uyoga."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Futikamba ni kali kuliko matusi yake. "Unajua watu wanasema nini? Wanasema ulipokuwa unaponda mabua ulikuwa mnyenyekevu. Sasa Bwana amekipokea kitu chako, amekitia masikio, nawe unataka kumnyang'anya sifa uzirudishe kwenye mahindi. Elimu ya ukubwani ina hatari zake, mzee mwenzangu. Inapanda kichwani kwa sababu huko chini kumeshajaa."

"Ule mfuko wa unga uko wapi?"

"Mfuko gani?"

"Wenye fuvu. Mliouchukua."

"Uliteketezwa," akasema, akarudisha pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hahojiwi.

Kwa Mchungaji sikupata hata mlango. Aliniambia kupitia dirishani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii aliyesikia la mkuu ndiye atakayevunjwa shingo, lakini pazia lilikuwa limekwisha kurudi mahali pake.

Nikaomba. Sikuomba muujiza, maana ile nyumba ilikuwa na muujiza wa kutosha. Niliomba akili. Asubuhi nilipoamka ilikuwa imekuja, ndogo, ya kifundi: kama hawataki kuishusha dari, nitaifunga kutoka juu. Nitapanda darini kwa mlango wa nyuma, nipitishe waya chini ya kila ubao, niufunge kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Hata ukioza, utaning'inia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha darini, kumbe, sharti atambae kwa tumbo kwenye kinyesi cha popo.

Ilikuwa Ijumaa mchana, siku moja kabla ya arusi. Nyumba ya sala ilikuwa tupu, foleni imevunjwa ili wapambaji waje baadaye. Nilijilaza juu ya kenchi mbili, waya mkononi, koleo kiunoni. Nilipofika juu ya mimbari nikaacha kutambaa. Ubao wa katikati ulikuwa umelegea na kuinama kama tumbo la ng'ombe mzee. Kati yake na mwenzake pamefunguka ufa unaotosha jicho. Nikagusa tu kwa ncha ya kidole, ukatoa mlio.

Kabla sijapitisha waya, mlango wa chini ukafunguka.

Nikajibana. Akaingia kiongozi wa kwaya, akatazama huku na huku, akapanda ngazi mpaka uso wake ukawa chini ya tumbo langu, bua na uyoga tu katikati yetu.

"Bwana," akanong'ona, "yule dada wa sauti ya kwanza. Simtakii mabaya. Mpe mafua. Ya kesho tu."

Akashuka, akatoka, amejifuta machozi.

Nikafumba macho. Sikuwa nimekwenda kule kusikiliza siri za watu. Lakini mtu aliye juu ya dari iliyooza hawezi kukohoa.

Kisha akaingia Mchungaji. Yeye hakunong'ona. Alifunga mlango kwa ndani, akapanda, akatoa kisu cha mfukoni, akakata masikio matatu manene ya pembeni, yale ambayo watu hawayaoni wakiwa wamekaa. Akayanusa. Akayafunga kwenye kitambaa.

"Kwa siagi kidogo," akasema peke yake, akashuka.

Kwa hiyo alijua. Tangu Jumapili, tangu kile kimya chake kifupi, alijua. Nililala pale juu nikimwombea, na nakiri kwamba ombi lile halikuwa zuri sana.

Nikarudi kwenye waya. Nilikuwa nimeshapitisha ncha moja wakati mlango ulipofunguka mara ya tatu, nikaisikia futikamba ikigonga vifungo vya koti kabla sijamwona mwenyewe.

Futikamba alipanda taratibu, kama mtu mwenye magoti mabaya. Akakaa juu ya ngazi. Kupitia ufa niliona upara wake ukimeta jasho.

"Bwana," akaanza, "mimi ni yule fundi cherehani. Unanijua."

Nilimjua.

"Ule mfuko wenye fuvu sikuuteketeza. Niliupeleka nyumbani. Mke wangu alikuwa analia na mende jikoni, nikasema unga unaoua ukungu hautashindwa na mende. Haukushindwa, Bwana. Hakuna hata mmoja aliyebaki, nakushukuru. Lakini tangu yule mzee wa mabua aje kibandani na ule uso wake, silali. Nafikiri, pengine ule unga ulikuwa na kazi yake huku juu."

Akapangusa upara kwa ncha ya futikamba.

"Nikiahirisha arusi, watu watasema mwenyekiti hana imani. Nikiendelea, na ikawa yule mzee ana haki... Mtoto ni mmoja tu niliye naye. Nimemshonea gauni mwenyewe. Bwana, una masikio yote haya. Mimi siombi mengi. Neno moja. Tuendelee au tuhame?"

Akatega sikio. Sikio lake la nyama, chini ya masikio ya mabua.

Nikamwomba Mungu amjibu. Kwa kweli nilimwomba. Sema mwenyewe, Baba, mimi ni mpakiaji magunia tu. Mungu akanyamaza, kama anavyonyamaza anapotaka tufanye kazi zetu wenyewe.

Nikafikiri kupiga kelele: mwenyekiti, ni mimi. Lakini nikijitaja, angejua nimesikia habari za mende. Mtu aliyeumbuka hatafuti ukweli, anatafuta fimbo. Angeendelea na arusi kwa hasira, na kesho binti yake angesimama chini ya lile tumbo na shada mkononi.

Nikifunga mdomo, arusi inaendelea. Nikiufungua, nimeiba sauti ya Mungu, wizi ambao sijui hata unaungamwa kwa maneno gani.

Nilisema neno moja.

"Hameni."

Halikutoka kwa kishindo. Lilitoka na vumbi la kinyesi cha popo, kwa sauti ya mtu aliyelalia koleo. Lakini Futikamba alishuka ile ngazi bila kukanyaga vidato, akaanguka magotini palepale, chini kabisa ya ubao wa katikati, paji la uso sakafuni.

"Nimesikia, Bwana," akasema, analia. "Tutahama. Kesho tutafungia uwanjani, mvua inyeshe isinyeshe."

Nikashusha pumzi. Waya ukanitoka mkononi, sikuujali. Nilikuwa namsihi kimoyomoyo ainuke, atoke, aende akawaambie watu.

Hakuinuka.

"Ila Bwana," akasema, akiinua uso polepole, "wataniuliza kwa nini. Nitasema dari ina kasoro. Na kasoro haikosi mwenyewe. Mende siwezi kuwataja, unanielewa. Basi huyu mzee wa mabua, tumsimamishe kesho mbele ya arusi yote, tumtenge na nyumba hii, au tumwache?"

Akakunja mikono kifuani. Akatulia, uso ameuelekeza moja kwa moja kwenye ufa, akasubiri nimjibu.